Brashi ya Leonidasi

Jumamosi, 13 Januari 1996
Nimepata brashi! Kitambaa cha kupakia sabuni ndevuni nimekitupa leo. Wateja walishakichoka, na kweli kilikuwa kinakwaruza. Nimekwenda na Leonidasi soko la kambi ya wakimbizi, akachambua rundo la brashi za mitumba kama mtu anayechambua mchele. Moja akaitupa, inanyonyoka. Ya pili akaibonyeza kiganjani, akaipuliza, akanipa. Mpini mweupe, manyoya mazito. Swali langu lilikuwa moja tu — manyoya ya nini haya?
"Mbuzi, kaka. Mbuzi kweri! Naapa kwa kaburi la baba."
Basi. Huyu amenyoa watu kwao Muyinga, Burundi, miaka mingi, kabla vita haijamtupa huku kwetu Lusahunga. Nisipomwamini yeye kwa brashi, nimwamini nani?

Jumanne, 16 Januari
Ngumu hii brashi! Inachoma kama ufagio. Leonidasi anasema imekaa kavu muda mrefu tu, italainika. Amenifundisha: loweka kwenye maji ya vuguvugu, kung'uta, zungusha juu ya sabuni mpaka povu liwe zito kama uji wa ulezi. Shavuni nako zungusha, usisugue. Ukimaliza itundike, manyoya chini. Ikilowa inatoa kaharufu. Beberu huyo, anasema, ulitaka anukie waridi? Tumecheka mpaka basi.
Kiti cha pili kibandani, nilichompa Leonidasi anyolee, hakikai bure tena. Zaituni, mke wangu, anasema nimepata mdogo wangu ukubwani. Kweli.

Jumatatu, 22 Januari
Leo tumeanza kufunga Ramadhani. Mzee Abdu, imamu wetu, amekuja kabla ya adhuhuri. Ndevu nimempunguza, mashavu nimeyapaka povu na kuyasafisha. Alifumba macho muda wote. Anasema mkono wangu umekuwa mwepesi siku hizi. Akaniombea dua palepale kitini. Nilijiona mtu.

Jumapili, 11 Februari

Kazimili amekuja kunyoa — yule mfuga nguruwe wa Mabawe, kaja kumwona shemeji yake hapa. Akaichukua brashi, akaitazama juani, akacheka. Akauliza, siku hizi na nyie Waislamu mmeruhusiwa? Sikumwelewa. Akanionyesha ncha. Kila unywele umepasuka nchani, mara mbili, mara tatu. Mbuzi hapasuki hivyo, anasema, huyu ni nguruwe, mimi nalala nao. Hakusema kwa ubaya. Alidhani najua!
Nguruwe. Usoni mwangu. Usoni mwa Mzee Abdu, ndani ya Ramadhani! Astaghfirullah.

Jumatatu, 12 Februari
Nimejiosha mara saba, mara ya kwanza kwa udongo. Kikombe cha povu vilevile. Kiti vilevile. Brashi nimeichoma. Zaituni akauliza nimegusa nini. Nikasema mbwa wa barabarani. Haya, na mimi nimeanza uongo.
Leonidasi nimemwuliza. Nilitaka akatae! Angekataa ningemwamini, wallahi. Hakukataa.  Alijua tangu sokoni. Anasema nyingine zote zilikuwa takataka, wateja wanatukimbia, na mimi nilikuwa nimeshaipenda.
"Kwani unywele una dini, kaka?"
Hauna. Mimi ninayo! Na wewe unaijua! Umefuturu kwangu mwezi huu, mkono wako na wangu sahani moja. Nimemfukuza. Ameondoka bila hata kuchukua mfuko wake. Kikulacho ki nguoni mwako, mama alikuwa akisema, na mimi nilidhani anasema habari za chawa.

Ijumaa, 16 Februari
Msikitini sikwenda. Nimesema naumwa. Nitasimamaje nyuma ya Mzee Abdu? Nikimweleza, vijana watamfuata Leonidasi kambini na marungu, na kiti changu nitakikalia mwenyewe. Nisipomweleza, anaswali na najisi yangu. Nimekula kiapo cha kumwambia, nimekivunja, nimekula tena.
Mchana Odeta, mke wa Leonidasi, akaja kuchukua ule mfuko. Akaufungua kuhakikisha vitu vimo. Ndani kuna brashi! Imeviringishwa kwenye kanga, laini kama sikio la ndama. Ya mkwe wangu marehemu, anasema. Manyoya ya mbuzi, mzee aliifunga mwenyewe. Leonidasi hunyolea Jumapili tu, kabla ya kwenda kanisani. Hataki iguse nyuso za watu.
Kumbe ya mbuzi ilikuwepo! Chini ya benchi langu, siku zote hizo! Asingenipa, sawa, kitu cha baba hakitolewi ovyo. Lakini kunionyesha tu? Niishike, nijue tofauti? Yake kaiviringisha kwenye kanga, mimi kanipa nguruwe. Nimelia, sioni haya kuandika.

Jumatatu, 19 Februari
Leo mwezi unasubiriwa. Watu wamejaa tangu asubuhi, kila mtu anataka uso wa Idi. Nimerudia kitambaa na wananung'unika.
Odeta amekuja tena. Ameniwekea ile brashi mkononi. Leonidasi ameitoa, iwe yangu, hataki kitu. Anasema ni mbuzi kweri. Anaapa kwa kaburi la baba yake.
Kiapo kilekile!
Nimeigeuza juani. Ncha hazijapasuka. Nadhani hazijapasuka. Macho yanasema mbuzi, moyo unakataa. Kazimili kesharudi Mabawe, nimwulize nani?
Mzee Abdu ameingia. Shikamoo, marahaba. Watu wamempisha, amekaa kitini. Nimemwomba asubiri maji yapate moto, nimejikunyata hapa pembeni naandika. Ameuliza ile brashi ya siku zile iko wapi, alikuwa ameshaizoea. Nikasema imeharibika. Akaitazama hii.
"Na hii, fundi, manyoya ya nini?"
"Mbuzi, mzee. Mbuzi kweli."
Ameridhika. Amefumba macho, ameinua kidevu, ananingoja. Maji yamechemka na brashi iko mezani, bado kavu.