Miezi Aliyoihesabu Alois

Podhájí,
6 Mei 1990.

Mpendwa mdogo wangu Radim,

Pokea salamu za dada yako Vlasta. Hujambo huko Adelaide? Joan na wanao hawajambo? Na ule mgongo uliosema unakusumbua, umepata nafuu? Sisi huku tungali hai. Goti langu huuma mvua ikinyesha, na mvua haijakatika tangu Pasaka. Makaburi ya wazazi nimeyapalilia.

Barua yako ya kusema utakuja Julai niliipata mwezi wa Machi. Niliisoma nimesimama pale pale langoni, nikalia mpaka tarishi akanishika mkono. Miaka ishirini na miwili! Siku hiyo hiyo nilitoa godoro la chumba chako nikalianika. Nilitaka kukujibu baada ya kuiona filamu yetu, nikusimulie yote pamoja. Sasa ninakusimulia. Keti kwanza, mdogo wangu.

Kiangazi kilichopita walikuja watu wa filamu kutoka Praha. Walitaka kupiga filamu ya kuchekesha juu ya kijiji kidogo ambamo kila mtu anajua jirani amepika nini. Wakatuchagua sisi. Mwenyekiti wa ushirika aliigiza kuwa mwenyekiti wa ushirika, na bado akakosea. Mabata bukini wangu walipigwa picha mara tatu. Kwa wiki sita tulikuwa kama watoto.

Mwandishi wao, Bwana Souček, alilala chumbani mwako. Kijana mpole, mwenye masikio ya kusikiliza. Mchana nilimpikia madonge ya unga yenye tunda la plamu ndani, naye kila akimaliza alisema, "Bi Vlasta, niongeze." Hakuwa akiomba madonge, alikuwa akiomba visa vya kijiji. Tangu mama afariki nakula peke yangu, na mtu akinisikiliza humpa hata nisicho na haki ya kukitoa.

Nilimpa kisa cha Alois.

Radim, hili mama alinikataza kukuandikia, kwa kuwa barua zilikuwa zikifunguliwa na serikali njiani, na baadaye akasema limekwisha poa, tusilichokonoe. Ulipovuka mpaka kukimbia vifaru vya Warusi, ile Septemba ya mwaka sitini na nane, Zdenka alikuwa na mimba yako. Nadhani hukujua. Namwomba Mungu iwe hukujua. Katikati ya Oktoba akaolewa na Alois, fundi wa matrekta, aliyempenda tangu shuleni asithubutu kumwambia. Blanka alizaliwa mwisho wa Aprili. Mkunga akamwambia Alois kwamba mtoto ni njiti, amezaliwa kabla ya miezi kutimia. Njiti wa kilo nne! Alois akaamini, akamfunika blanketi tatu asipate baridi.

Kijiji kizima kilihesabu miezi kwa vidole, kikanyamaza. Hakuna aliyeitisha mkutano wa kukubaliana hivyo. Hata walevi walinyamaza. Sijaona wema mkubwa kuliko ule, na mimi ndiye niliyeuvunja, ili mgeni wa mjini acheke mezani pangu. Jina sikutaja. Kila usingizi unaponikataa najiambia hivyo, kwamba jina sikutaja.

Filamu ililetwa ukumbini kwetu Jumamosi, tarehe saba Aprili. Alois na Zdenka walikaa safu ya tatu, Blanka katikati yao. Amekuwa mwalimu wa chekechea, Radim, na watoto humfuata kama vifaranga. Tulicheka tangu mwanzo. Alois alicheka kuliko wote, unakijua kicheko chake, kile cha kukohoa.

Kisha ikaja sehemu ya baa. Kinyozi mmoja mpumbavu amepata mtoto, anajaribu kuhesabu miezi tangu harusi yake, na wanywaji wote wanamsaidia. Wanahesabu kwa sauti, wanamzidishia Februari mara tatu ili itimie tisa. Mtoto analetwa, mnene kama boga, na baa nzima inasema kwa pamoja, "Maskini, njiti!"

Ukumbi ulilipuka. Halafu kicheko kikafa, safu baada ya safu, kuanzia nyuma, kadiri watu walivyokumbuka nani amekaa mbele yao. Nilikuwa upande wa dirisha, nikamwona Alois. Alikuwa ameweka mkono juu ya goti, na vidole vyake vilikuwa vikikunjwa kimoja kimoja. Oktoba. Novemba. Desemba. Alipofika Aprili aliinuka, akawaomba radhi wale aliowapita, akatoka. Zdenka alijifunika uso kwa kitambaa. Filamu ilikuwa imebakiza nusu saa. Hakuna aliyethubutu kuondoka, na hakuna aliyecheka tena.

Asubuhi Alois alikuja langoni kwangu. Nilimkaribisha ndani, akakataa.

"Vlasta, ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya harusi yako."

Akatazama barabara, nyumba moja baada ya nyingine, kama anayesoma orodha. "Basi miaka yote hii nilikuwa nikinywa bia na watu wanaonihurumia," akasema. Hakunitukana. Laiti angenitukana.

Sasa analala katika karakana ya matrekta. Wenzake wanaona haya kumtazama, kwa hiyo wanampita kwa mbali, naye anadhani wanamcheka. Zdenka aliwatajia yeye na Blanka jina lako, kisha akarudi kwa mamake. Mimi dukani napimiwa nyama bila salamu. Mke wa mchinjaji alinieleza sababu, kwamba kijiji kilikuwa na kitu kimoja tu cha kujivunia, nami nimekigawa bure. Ni kweli. Nimetafuta pa kuanzia kutengeneza, sipaoni.

Jumatatu iliyopita nilimpelekea Alois supu kule karakanani. Hakuigusa. Nilimwambia kwamba unakuja Julai, kwa sababu nimechoka kujua mambo ambayo yeye hayajui. Alifuta mikono polepole.

"Mwambie asije," akasema. "Blanka nimemfundisha mimi kuendesha baiskeli. Nimekesha naye alipougua surua. Sina kingine duniani. Mwambie tu asije."

Nikaahidi.

Juzi akaja Blanka. Tangu utoto huniita Bi Vlasta, kama wote. Alisimama jikoni, akaomba picha yako. Nikampa ile ya jeshini. Aliitazama mpaka chai ikapoa, akashika sikio lake, lililo kama lako, kisha akasema, "Shangazi, mwambie aje." Nikaahidi hilo pia.

Hayo ndiyo maneno mawili niliyotumwa, nami nimekufikishia yote mawili. Usiniulize mimi nataka nini. Nilikutamani miaka ishirini na miwili, na sasa sijui nikuombee safari au nikuombee usipate tiketi. Ukija, mtu mmoja hapa atavunjika. Usipokuja, atavunjika mwingine. Na wote wawili wataendelea kunikuta njiani.

Nisalimie Joan, na umwambie kwa upole, kwa kinywa chako mwenyewe. Nisalimie wanao, Peter na Eva. Shangazi Růžena anakusalimu. Hasikii vizuri tena, na nadhani ni heri yake. Mungu akuonyeshe njia ambayo mimi siioni, akulinde wewe na wote walio damu yako, wa huko na wa huku.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata kama hutanijibu,

Vlasta