Kamanda wa Jumapili

Kajaani, 12 Januari

Mdogo wangu Tuure,

Habari za Oulu? Kikohozi kimekuacha? Mimi mzima, ila mgongo bado unasumbua, na nyumba iko kimya tangu Helvi avunje ndoa yetu aondoke. Nikishasafisha theluji mlangoni sina la kufanya mpaka kesho yake.

Sasa ucheke: nimejiunga na kundi lenu la vita vya kwenye kompyuta! Waliuliza nilitumikia wapi, nikawaambia jeshini, kisha Lebanoni na walinda amani. Nielekeze tu hicho kipaza sauti kinachomekwa tundu lipi.

Kaka yako,
Armas

Oulu, 14 Januari

Kaka Armas,

Salamu nyingi. Kikohozi hakijaondoka, tumeshazoeana. Tundu ni lile la rangi ya waridi.

Karibu, lakini ungeniuliza kwanza. Kundi linapokea waliopita jeshini tu, na mimi ni kamanda wao mwaka wa sita sasa. Niliwaambia nilikuwa sajini. Wewe unajua ukweli: daktari alinisikiliza kifua akanirudisha nyumbani kabla sijavaa hata buti. Wenzangu wa kazini wakianza hadithi za jeshi kwenye mvuke wa sauna, mimi naangalia ukuta. Jumapili tu, tunapocheza, ndiyo najiona mtu.

Nakuomba ufunge mdomo. Siri yako ya kusinzia lindoni Lebanoni ukarudishwa nimeitunza miaka tisa, hata mama hajui. Itunze na yangu.

Mdogo wako,
Tuure

Oulu, 24 Februari

Kaka,

Mgongo unaendeleaje? Sauti yako jana ilikuwa nzima kupita kiasi.

Nisikufiche, nakuonea wivu mpaka chakula hakishuki. Wiki sita tu! "Armas, Lebanoni mlifanyaje?" "Armas, tupite wapi?" Ramani zote nimechora mimi. Raili, yule dereva wa lori wa Tornio, hajawahi kucheka utani wangu hata mara moja. Wewe ukipiga chafya tu, hoi. Na jana ukanikata kauli mbele ya wote: "Kamanda, hapo mtoni tutakwisha." Wakakufuata wewe. Kinachoniuma zaidi ni kwamba ulikuwa sahihi.

Punguza kidogo, kaka.

Mdogo wako,
Tuure

Oulu, 10 Machi

Armas,

Hali yako sikuulizi. Jana mchezoni mwenzetu Eino alimuuliza kila mtu aliingia jeshini lini. Kwa kuwa ulikuwa unasikiliza, nikababaika nikasema Oktoba. Oktoba! Nchi nzima inajua vijana huitwa Januari na Julai. Raili akacheka na wewe ukacheka naye.

Umeshawaambia, ndiyo maana Eino aliuliza. Basi leo nimewaandikia wote kwamba shujaa wao alilala lindoni akafukuzwa. Sasa tumelingana.

Tuure

Kajaani, 2 Aprili

Mdogo wangu,

Natumai kifua hakijambo na baridi hii isiyokwisha. Mimi naendelea.

Sikuwaambia. Wiki niliyojiunga Eino alinipigia simu: "Wewe ni kaka yake Kamanda? Tunajua hakwenda jeshini, tumejua tangu mwezi wake wa kwanza kundini. Anavyogawa zamu, hajawahi kulala hemani huyo. Usimwambie kwamba tunajua, ataona aibu aondoke, na hatuna mwingine." Swali lile la Machi lilimtoka Eino kwa mazoea tu. Na kile kicheko, jana yake Raili alikuwa amepoteza mchezo wa karata kwa Eino, wakakumbushana, tukacheka. Hata hatukuwa tunakusikiliza vizuri.

Na wivu unaousema, mimi ndiye niliyekuwa nao. Mimi walinipendea Lebanoni. Wewe walikupenda wakijua huna lolote. Kila Jumapili nilikuwa nawasikia wakikuita Kamanda, roho inaniuma, halafu nachapa hadithi nyingine ili na mimi wanisikilize.

Niliondoka kundini siku ile uliyowaandikia; Eino amenisihi nirudi. Sitaweza. Wewe nenda, usiwaache.

Kaka yako,
Armas

Oulu, 7 Aprili

Kaka Armas,

Mgongo je? Unakula? Unatoka nje?

Jana nilikwenda. Nilitaka wanitukane. Raili alisema tu, "Habari za jioni, Kamanda," kama siku zote. Tulicheza kwa saa tatu, tukashindwa vibaya. Mwishoni Eino akauliza kama umeniandikia. Nikasema ndiyo, barua moja tu.

Nisamehe, kaka. Nijibu hata neno moja.

Mdogo wako,
Tuure

Oulu, 19 Mei

Kaka,

Hii ni barua ya tano tangu uliponiandikia, na hujajibu hata moja. Kikosi kimeniuliza habari zako tena, na nimewadanganya kwamba umeniandikia, hujambo.

Mdogo wako