Asubuhi Niliyosahau Kushukuru

Dada yangu mpenzi,

Kaa kitako kwanza! Unajua tangu mama apooze hajatamka neno, nami kila asubuhi namshukuru Mungu kwa sauti kando ya kitanda chake: kwa maji, kwa uzi, hata kwa sindano isiyovunjika. Siku nyingine nilishukuru huku nimenuna.

Leo sare za kwaya ninazoshona zilinichelewesha, nikampelekea kijiko cha uji bila hata amina. Akafumba mdomo.

"Mama, kula bwana, nimechelewa!"

Akanikazia macho, akasema taratibu: "Hujashukuru."

Dada, uji wote chini! Nimeshukuru mpaka majirani wakaja mbio.

Ulisema huwezi kuvumilia kumwona kimya. Basi njoo. Neno lake la pili lilikuwa jina lako.

Mdogo wako wa cherehani