Papa ameita Gaju

Tuyizere, mudogo wangu,

Maziwa ya Papa iko mu termosi. Umupatie na kijiko, polepole, asipaliwe.

Naenda Goma na pikipiki ya asubui. Sikukuamusha, sababu ningelia.

Leo alfajiri, wakati wa kukamua, ukiwa ungali unalala, nilimuikalisha Papa karibu na ngombe. Nikaita kila moja na jina yake, vile yeye alikuwaka anaita mbele ugonjwa imufunge ulimi. Njo akafungua kinywa, akasema: "Gaju." Wazi kabisa!

Gaju, ile ngombe aliuzishaka ili nisome ortofoni, nifundishe wagonjwa kusema tena. Mi niko mbele yake, yeye anaita ngombe! Nilicheka, kisha ikaniuma. Mushahara ya santre ya wagonjwa kwenye natumikaka haijatosha kununua hata ndama. Hakuna mwenye ananidai, lakini mi najidai ile ngombe.

Kila asubui umupeleke kwenye tunakamuliaka, aite majina.

~~Nitarudi Noeli.~~ Nitarudi siku nitakuwa nashika kamba ya ngombe mu mukono.

Lakini akiita "Mutesi", usimuambie niko mbali. Unipigie, uweke simu ku sikio yake, niitike.

Dada yako, Mutesi