Isale la Mbeba Taa

Anaeli,

Nakuandikia kwenye meza ileile tuliyochezea, kwenye kibanda changu cha ushonaji hapa Rau. Cherehani nimeisukuma pembeni kama ulivyokuwa unanitaka nifanye kila Jumapili mchana. Usifikiri nimelainika. Nina hasira na wewe, nina hasira na mimi, na dharau yote iliyobaki nampa Godi.

Ndiyo, Godi. Amekalia kiti chako. Hujamaliza hata miezi miwili kaburini, naye ameshajitawaza mwendesha mchezo wetu wa mezani, ule wa kujifanya mashujaa wa mapangoni, anarusha zile dadu ulizoachiwa na mgeni wa mlimani, sauti kaifanya nzito kama mtangazaji wa mpira. Ungemsikia anavyoajiri vibarua! Wewe ulikuwa hukubali tuingie pangoni mpaka tujue kila mbeba mzigo anaitwa nani, anaogopa nini na asubuhi kala nini. Godi anawaita Namba Moja, Namba Mbili, Namba Tatu. Namba Moja anakanyaga mtego. Namba Mbili anaonja maji ya kisima. Namba Tatu analiwa na joka ili sisi mashujaa tupate nafasi ya kukimbia. Jumapili iliyopita walikufa wanane kabla chai haijapoa. Mashujaa wa nini, watu wanaojificha nyuma ya mbeba sufuria?

Najua ungenitazama vipi hapo. Sawa. Najua nani alianza.

Ulibeba mizigo ya watu mlimani mpaka magoti yakagoma, ndipo ukatuletea mchezo huu pamoja na masharti yako. Kibarua asibebe zaidi ya kilo ishirini, hata kama ni dhahabu. Siku ya kwanza ulinitwisha mfuko wa unga na majora yangu ya kitambaa, ukanizungusha kibanda mara tatu nijue kilo ishirini ni nini. Kibarua akiogopa akatua mzigo, halazimishwi. Unarusha dadu kuona kama atakubali kuendelea. Nilikwambia unaharibu mchezo kwa huruma. Ukanijibu, "Zuhura, hao ndio wanaojua njia."

Halafu ikaja siku ya daraja. Tulikuwa na Elifuraha, mbeba taa wetu, mtu mzima mwenye ng'ombe wawili na jino linalomuuma, maana wewe hukuweza kuunda mtu bila kumpa jino linalomuuma. Daraja la mle pangoni lilikuwa limeoza. Nikasema atangulie yeye. Ukaniuliza mara mbili. Nikasema, "Si kibarua? Amekodiwa." Mbao zikavunjika, mguu wake ukavunjika, na vibarua wote wakatua mizigo. Hukurusha dadu. Ulisema hawanyanyui tena mpaka aliyemtuma alete isale.

Mimi mtoto wa mjini, lakini isale nalijua. Nani Moshi hii halijui? Mchaga akikujia na jani hilo kuomba radhi, humkatalii, hata kama alikukosea vibaya kiasi gani. Nilijua kabisa ulichoniomba. Nikaingiza mkono kwenye kikapu changu cha sokoni, nikachomoa jani la kitunguu, nikalilaza mezani mbele yako. Nikasema, "Isale hili hapa, mwambie asimame." Godi alicheka mpaka akakohoa. Na mimi nilicheka, Anaeli. Nilicheka kumshinda.

Ukafunga daftari taratibu. Ukasema, "Siku ukileta la kweli tutaendelea." Ukaenda zako. Wiki mbili nzima nilikuona ukipita barabarani, nikajifanya nahesabu vifungo. Kiburi tu. Nikajiambia atarudi mwenyewe, ni mchezo wa karatasi. Kisha kifua kikakubana, na simu iliyofuata ilikuwa ya msiba.

Marangu nilikuja kukuzika. Bosi wako wa zamani alisimama kukusifu, akakuita Amani mara mbili. Nilimdharau vibaya sana mtu yule. Nikamdharau njia nzima mpaka nafika nyumbani, ndipo nikakumbuka kitunguu.

Basi leo Godi kaurudia mchezo wetu wa darajani, akasema yule kilema Elifuraha tumwache pangoni, tutakodi wengine. Kilema. Nikamwambia asubiri. Isale nilikuwa nalo kwenye mkoba tangu jana, maana jana nilipanda Marangu kwa mama yako. Nilimwamkia shikamoo, nikamwambia nahitaji isale. Akaniuliza, "Umemkosea nani, mwanangu?" Nikasema, "Mtu wa Anaeli." Alikwenda mpakani mwa kihamba, shamba lenu la nyumbani, karibu na ulipolala, akakata jani moja, akalifunga fundo, akanipa kwa mikono miwili. Nililia kwenye migomba yenu kama mtoto, na sijali nani aliona.

Nimeliweka mezani. Godi kanikodolea macho. "Dada Zuhura, unamuomba radhi mtu wa karatasi?" Nikamwambia ndiyo, na aondoke kwenye hicho kiti kabla sijamshona nacho. Akaondoka akinung'unika. Nikafungua daftari lako kutafuta kanuni, nione narusha dadu ngapi vibarua wakubali.

Kwenye ukurasa wa Elifuraha, chini ya jino na wale ng'ombe wawili, uliandika kwa penseli: "Zuhura akileta isale, asirushe kitu. Mguu utapona." Na pembeni tarehe. Ni ya siku ileile ya kitunguu.

Kwa hiyo ulipokuwa unapita barabarani ulishanisamehe, na mimi nahesabu vifungo. Ungeniita tu, Anaeli. Au ningeinua kichwa.

Kiti chako sasa nakikalia mimi, Godi akitaka acheze, asipotaka barabara ni pana. Kila kibarua atakuwa na jina na chakula cha asubuhi. Elifuraha simkodii mtu wa kumbeba. Nitambeba mwenyewe mgongoni mpaka mlangoni pa pango, na taa nitaishika mimi, na nikichoka nitatua, nipumzike, ninyanyue tena.

Pumzika, rafiki yangu. Isale lako nimelipanda kwenye kopo mlangoni. Mama yako kanipa na kipande cha shina.

Zuhura