Kimya cha Ufizi Ulioshonwa

Baba Tumaini, mume wangu,

Asubuhi hii ukungu umeshuka hapa kwetu Kasense mpaka ng'ombe wa baba wanasikika kengele tu, wenyewe hawaonekani. Hewa ikiwa hivi huwa sijui vizuri nani yuko na nani hayupo. Ndiyo maana nakuandikia sasa, kabla jua halijapanda.

Nyumba ya serikali kule kijiji cha ujamaa tuliiacha. Amekuja bwana shamba mwingine, kijana mpole, anamwagilia miche yako. Mimi na watoto tumerudi kwa wazazi wangu. Tumaini ananifika begani. Mdogo wake bado hukimbilia mlangoni akisikia pikipiki.

Na ufizi wangu umeshonwa.

Ungecheka. Si wewe uliyeuona kwanza? Tulikuwa tunatafuna mahindi ya kuchoma, ukanishika kidevu ukasema, "Mama Tumaini, jino hili halirefuki. Ni ufizi unashuka, kama Ziwa Rukwa wakati wa kiangazi." Kila kipupwe, upepo ukivuma, jino hilo la mbele, la chini, liliniuma hadi machozi. Ukasema twende hospitali. Nikasema tukishavuna. Tukavuna. Halafu ukaugua wewe, na mimi sikukumbuka tena kama nina meno.

Baada ya matanga jino likaanza kucheza. Mama akaniambia, "Nenda mjini, nasikia kuna daktari wa meno mgeni." Nikaenda. Daktari akanieleza polepole: atakata kipande chembamba cha nyama kwenye kaakaa, hapa juu ulimi unapogusa, akishonee chini, mahali ufizi ulipokwisha. "Kikishika, jino litabaki. Kisiposhika, tutaling'oa."

Alinichoma sindano ya ganzi, nusu ya uso wangu ikaondoka. Nilikuwa macho, lakini macho gani yale? Dirishani mawingu yalikuwa yanapita chini sana, kama yanataka kuingia. Uzi ulikuwa unapita mdomoni mwangu. Sikusikia maumivu, nilisikia kuvutwa tu, kama mtu ananiita kwa mbali. Nikakuona umekaa miguuni pangu na lile koti lako lenye harufu ya udongo uliolowa. Sikuota. Au niliota, sijui.

Daktari akaniagiza: "Usiongee mpaka nikutoe nyuzi. Usivute mdomo kukichungulia. Kikiwa cheupe usiogope. Uji uliopoa tu."

Basi nikakaa kimya. Siku zikawa zinapita kama kivuli cha wingu juu ya shamba la ulezi. Watu walikuwa wanaongea, nami nawasikia kama niko chini ya maji.

Ndipo wakaja ndugu zako kutoka Tukuyu, Asegelile mdogo wako, na mama yako. Asegelile akakaa mbele ya baba, akasema, "Shikamoo mzee. Tumekuja kumchukua shemeji na watoto. Kaka tumemzika kwetu, na watoto wa kaka ni wa kwetu. Mimi ndiye nitakayewatunza wote."

Wote. Unajua maana yake: na mimi nirithiwe.

Baba akanigeukia. "Mwanangu, unasemaje?"

Nikafungua kinywa. Uzi ukavuta, nikaonja damu. Nikafunga. Nikatikisa kichwa, lakini Asegelile akasema, "Hayo ni maumivu tu. Aliyenyamaza amekubali." Na baba, mume wangu, baba aliinamisha kichwa.

Nikawaza, jino liende. Watoto wangu hawaendi. Nikafungua kinywa tena ili niseme yote, nyuzi zikatike zinavyotaka.

Mkono ukaja ukanifunika mdomo, taratibu. Wa mama yako. Mama yule niliyemwogopa tangu siku uliyonipeleka kwake, ambaye hakuwahi kuniambia neno refu. Akamwambia mwanawe kwa Kiswahili chake cha kubahatisha, ili wote tusikie, "Nyamaza wewe. Aliyekufa nilimzaa mimi, nami namlilia kuliko wewe. Huyu hajakubali, amefungwa uzi. Tutangoja uzi utoke. Atakalosema ndilo nitakalolibeba kurudi nalo nyumbani."

Akabaki. Ndiye aliyenipozea uji wa ulezi, akiupuliza kama wa mtoto. Tulilala kitanda kimoja, mimi sina ruhusa ya kusema, yeye Kiswahili kinampiga chenga. Akanisimulia hivyo hivyo ulivyokuwa mdogo, ulivyokuwa unalala umekumbatia jembe, ukinyang'anywa unalia. Nilitaka kucheka, mdomo haukuruhusu. Nikalia. Akalia naye. Sijui kama nimewahi kumwelewa mtu namna ile.

Siku ya kutolewa nyuzi tulikwenda wote wawili. Kile kipande, kilichokuwa cheupe kama kitu kilichokufa, kilikuwa kimegeuka chekundu laini, kimeungana na ufizi. Daktari akakigusa, akatabasamu. "Kimeshika."

Tuliporudi nyumbani baba aliwakusanya watu. Ulimi wangu ulikuwa mzito, lakini niliyasema yote: "Shemeji, nakushukuru kwa kutufuata. Siendi kuwa mke wa mtu. Watoto watakaa na mimi hapa, watasoma hapa."

Asegelile alitoka nje kwa hasira. Baadaye alirudi kula. Mama yako akasema, "Nimesikia." Akaanza kufunga mzigo wake.

Nilimsindikiza hadi kwenye lori. Alipopanda aliniinamia akaniuliza kwa sauti ndogo, "Na mimi je? Wajukuu nitawaona?" Hapo ndipo nilipojua alichokuwa ametoa aliponifunika mdomo.

Nikamwahidi, nami nakuahidi na wewe. Kila baada ya mavuno nitawaleta Tukuyu, wakae kwa bibi yao wale ndizi wachoke, wapalilie kaburi lako. Kisha nitarudi nao.

Lala salama, baba watoto. Mwaka huu ulezi umekubali. Tutakuja mapema.

Mkeo,
Mama Tumaini