Kisanduku cha Kisimani

Kilavarra, 2 Machi

Mwanangu Sorcha,

Natumaini wewe na theluji ya Halifax mnaendelea kuvumiliana. Mimi mzima, isipokuwa goti linanung'unika. Picha ya chumba ulichonitayarishia nimeiona, ni kizuri, na jibu utalipata kabla ya Juni: niuze nyumba nije huko Kanada, au nibaki. Tangu mama yako atutoke, humu ndani tumebaki mimi na saa ya ukutani.

Simu uliyotuma imefika, pamoja na ule mchezo uliouweka ndani yake. Ati watu wazima wanaficha visanduku vichakani, na wengine wanavitafuta kwa msaada wa setilaiti. Nilicheka peke yangu. Halafu Jumanne mvua ikakatika, nikatoka. Kimoja nimekikuta nyuma ya jiwe kwenye tanuri la kale la kuchomea chokaa. Miaka arobaini nimepita hapo kwa baiskeli nikigawa barua, nikidhani ni ukuta uliobomoka! Karatasi ya ndani inasema lilijengwa na ukoo wa Heverin, na nyumba zote za bonde zilipakwa chokaa yake. Nikaenda kumwambia Dympna Heverin dukani kwake. Naye hakujua. Akanijibu, "Malachy, miezi hujaonekana, leo umetoka kuja kunisimulia habari za mawe?" Lakini alinikatia keki.

Baba yako

Halifax, 19 Machi

Baba mpenzi,

Salamu nyingi, na goti lipe pole. Sisi huku wazima. Sasa ficha kisanduku chako mwenyewe. Chagua mahali penye historia, tia daftari la wageni kuandika majina, na usimwambie mtu yeyote pale kijijini.

Chumba nimekipaka rangi ya kijani. Sikushinikizi. Haya, nakushinikiza kidogo.

Binti yako, Sorcha

Kilavarra, 24 Mei

Mwanangu,

Uzima upo, na goti nimelisahau, maana nimevuka malisho ya kila mtu. Ila mchezo wenu nimeuharibu.

Kisanduku nilikificha kisimani kwa Mtakatifu Ciannat, chini ya mti wa matambara. Jumapili ilikuwa sikukuu yake. Kijiji kizima kikazunguka kisima mara saba, watu wakafunga matambara yao ya maombi mtini, na mmoja akakiona kisanduku. Nani hapa angefikiri ni mchezo? Walidhani ni cha mtakatifu. Jana nimekifungua nikakuta rozari tatu, medali na kifungo cha koti. Walioandika majina ni Wajerumani wawili tu, waliokuja kwa mchezo. Kurasa nyingine zote ni maombi.

Nimeyasoma, na kumbe habari ya kuuza nyumba kijiji kizima kinaijua. Najua si vizuri, nitaungama Jumamosi. Hawakutia majina, wakadhani hawatajulikana, na mimi ndiye niliyebeba barua zao. Mwandiko wa Dympna ni ule wa duara: "Malachy asiuze nyumba." Concannon mchinjaji, anayeandika kama anakata mbavu: "Mzuie Malachy. Asijue nimeomba." Hata Peig wa ng'ambo ya mto, ambaye hatujasemezana naye tangu mbwa wake aning'ate: "Yule wa posta abaki, ingawa ana maringo." Maombi kumi na moja, na saba yananihusu mimi. Nilikaa pale chini nikalia, kisha nikacheka mpaka ng'ombe wa Concannon wakaja kuniangalia.

Kwa hiyo nabaki, Sorcha. Nina furaha, na naona aibu kuwa nayo, kwa sababu wewe ulipaka chumba rangi. Usinikasirikie.

Baba yako

Halifax, 8 Juni

Baba,

Mimi mzima, na sijakasirika. Nililia kidogo jikoni, kisha nikaenda kuomba likizo. Nitafika tarehe kumi Agosti, nikae wiki tatu. Nataka kuliona hilo tanuri, na Peig nitamwamkia mimi kwanza.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi iliyokunjwa. Itie kisandukuni. Ni ya mtakatifu, usiifungue.

Binti yako, Sorcha

*Mtakatifu Ciannat, nilitaka baba yangu awe karibu nami, lakini hao saba wamenitangulia. Mtunze. Na nikija Agosti, anitembeze kila mahali mpaka nichoke. Baba, acha kusoma maombi ya watu.*